Nordmann, mtu aliyechungulia ndani ya mashavu ya samaki

Mnunuzi wa Pwani hadanganywi kwa urahisi sokoni. Kabla hajauliza bei ya changu au kolekole, hutia kidole chini ya shavu la samaki, akalifunua, akatazama rangi ya matamvua. Yakiwa mekundu kama damu mbichi, mazungumzo ya bei yanaanza. Yakiwa ya kijivu, muuzaji atafute mjinga mwengine. Leo nawaletea habari za mtu aliyefunua shavu hilo hilo karibu miaka 200 iliyopita, ila yeye hakuwa akitafuta kitoweo. Alitaka kujua nani anaishi humo ndani.

Jina lake ni Alexander von Nordmann. Huko Ulaya wengi hulitaja jina hilo bila kumjua mwenyewe, kwa sababu mti mmoja wa milimani unaoitwa kwa jina lake ndio hukatwa kwa mamilioni kila Disemba na kupambwa majumbani wakati wa Krismasi. Sisi tunakutana naye mahali pengine kabisa. Nenda kwenye mabwawa ya perege ya Kitengela na Kajiado, yale yaliyotandikwa plastiki nyuma ya nyumba. Samaki akiugua, mtaalamu akakwangua matamvua yake na kuweka ute ule chini ya hadubini, baadhi ya majina ya kwanza yatakayomjia kinywani yalibuniwa na huyu bwana mwaka 1832.

Mpwani atauliza, Kitengela yatuhusu nini? Tazama ramani, ndugu msomaji. Mto Kitengela unamwaga maji yake katika Mto Athi. Athi ukishaungana na Mto Tsavo huitwa Galana, na Galana ukitukaribia huitwa Sabaki, ndio ule unaoingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi na kuitia bahari wekundu wakati wa mvua. Bwawa likifurika kule bara msimu wa masika, samaki waliotoroka wana njia ya maji mpaka kwetu. Na samaki hasafiri peke yake.

Nordmann naye alikuwa mtoto wa mwambao. Alizaliwa tarehe 24 Mei 1803 katika ngome ya Ruotsinsalmi, kando ya bahari ya Baltic, mahali ambapo leo ni mji wa Kotka nchini Ufini. Sehemu ile ilikuwa mikononi mwa Warusi, na baba yake alikuwa afisa katika jeshi la Urusi. Mwaka 1809 Ufini nzima ikanyang'anywa Uswidi na kuwa chini ya mfalme wa Urusi. Watu wa miji yenye ngome kama yetu wanaelewa mambo hayo: bendera hubadilika juu ya ukuta, na watu chini wanaendelea kuvua.

Alisoma katika chuo cha Turku. Mwaka 1827 alikwenda Berlin kuendelea na masomo, na Septemba ya mwaka huo huo mji wa Turku uliteketea kwa moto, chuo na vitabu vyake pamoja. Chuo kikahamishiwa Helsinki. Kijana wetu wakati huo alikwisha kupata walimu wawili ambao hakuna mwanafunzi wa elimu ya wanyama asiyewatamani.

Wa kwanza alikuwa Karl Asmund Rudolphi, mzee wa elimu ya minyoo. Zama zile wataalamu wengi walidhani minyoo hujizukia tu ndani ya mwili wa mnyama, kama ukungu juu ya mkate. Rudolphi alikusanya minyoo ya kila aina, akaipanga na kuipa majina, na jumba la makumbusho la anatomia la Berlin lilikuwa mikononi mwake. Wa pili alikuwa Christian Gottfried Ehrenberg, ambaye alikuwa amerudi karibuni kutoka Misri na Bahari ya Shamu. Alikaa safarini tangu 1820 hadi 1825, na rafiki yake Hemprich alifia Massawa kwa homa. Ehrenberg ndiye aliyewafundisha Wajerumani kutazama tone la maji na kuona mji mzima ndani yake.

Kwa hiyo Nordmann alichukua minyoo kwa mwalimu mmoja na hadubini kwa mwalimu wa pili. Bahati nyengine ilikuwa wakati wenyewe. Miaka ile hadubini zilianza kutengenezwa kwa lenzi mpya zilizoondoa zile rangi za upinde wa mvua zilizokuwa zikizunguka kila kitu kidogo na kumchanganya mtazamaji. Kitu chenye urefu usiofika milimita moja sasa kilikuwa na ncha, kulabu na mdomo.

Kutazama samaki wa baharini ilikuwa taabu kwa mtu wa Berlin, mji usio na bahari. Alichukua samaki wa mito na maziwa waliokuwa wakiuzwa sokoni, kina brimu, samaki mpana wa maji baridi, na jamaa wa mbali wa sangara wetu ila mdogo. Akaanza na macho. Ndani ya macho ya samaki alikuta minyoo midogo, mara nyengine mamia katika samaki mmoja, akaielezea kwa jina la Diplostomum. Leo twajua minyoo hiyo hupitia kwa konokono, ikaingia kwa samaki, kisha kwa ndege anayemla samaki. Njia hiyo ya konokono wa maji baridi, watu wa Pwani wanaijua vizuri kwa ajili ya kichocho. Nordmann hakuijua njia yote, lakini alimwona mnyoo mahali hakuna aliyewaza kutazama. Hakuishia kwa samaki. Alikagua hata lenzi zilizotolewa machoni mwa watu wenye mtoto wa jicho, akaandika kuwa ndani yake alikuta minyoo.

Kisha akaja kwenye matamvua, na hapo ndipo jina lake lilipofunga ndoa na elimu hii.

Kitabu chake kilichapishwa Berlin mwaka 1832, sehemu mbili, pamoja na michoro. Mwaka ule Mombasa ilikuwa bado mikononi mwa Wamazrui na Seyyid Said akiiwinda. Katika sehemu ya kwanza Nordmann alimweleza mnyoo mmoja kutoka matamvua ya brimu, mwenye umbo la herufi X, akamwita Diplozoon paradoxum, kama kusema mnyama-wawili wa ajabu. Kweli ni wa ajabu. Ana vichwa viwili, mikia miwili na vibanio vya kushikia nyama ya samaki katika kila mkia, na katikati mwili umeungana. Yeye alimchukulia kuwa mnyama mmoja mwenye miili miwili.

Hapo hakupatia. Mwaka 1845 Mfaransa Félix Dujardin alimwona mnyoo mdogo, mmoja mmoja, kwenye matamvua hayo hayo, akampa jina lake mbali, Diporpa. Mwaka 1851 Mjerumani von Siebold akafumbua fumbo: Diporpa ni mtoto, na Diplozoon ni watoto wawili walioshikana. Kila mmoja ana kijishina mgongoni na kinyonyeo tumboni. Wakikutana, huyu hukamata kijishina cha yule, na yule cha huyu, miili ikaungana kabisa na haiachani tena mpaka kufa. Asiyepata mwenzake hakomai, hufa akiwa mdogo. Mimi nasema kosa la Nordmann halimshushii cheo. Aliyekuja kusahihisha alikuwa na kitu cha kusahihisha kwa sababu Nordmann alichora kwa uangalifu.

Katika kurasa hizo hizo akawaweka minyoo wengine wawili wadogo zaidi, wote chini ya jina moja la Gyrodactylus. Mmoja akamwita elegans, wa pili auriculatus. Huyu wa pili alikuja kuhamishwa mwaka 1850, Diesing alipotenga jenasi ya Dactylogyrus. Msomaji ataona hizi ni hesabu za wasomi za kupitisha wakati. Hapana. Mgawanyo huu ndio unaomgusa mfugaji wa Kitengela mfukoni.

Gyrodactylus hazai mayai. Huzaa mtoto mzima, na mtoto huyo akiwa bado tumboni mwa mama ana mtoto wake ndani. Mama, binti na mjukuu katika mwili mmoja usiofika milimita. Dactylogyrus hutaga mayai, na vivyo hivyo Cichlidogyrus, ambaye ndiye jamaa anayepatikana sana kwa perege wetu wa Afrika. Sasa mfugaji anaona samaki wake wanakuja juu ya maji kuhema, wamejaa ute, matamvua yamepauka, chakula hawali. Anaambiwa awaogeshe kwa maji ya chumvi au dawa. Ikiwa adui ni yule anayezaa, dawa moja iliyowekwa sawasawa huweza kumaliza kazi. Ikiwa ni yule wa mayai, dawa huua wakubwa lakini mayai hubaki salama, na siku chache baadaye maji yakiwa na joto yanaanguliwa, ugonjwa unarudi kama haukuondoka. Lazima dawa irudiwe kwa wakati wake. Mfugaji asiyejua anamtibu nani hutupa dawa bwawani, husubiri, hutupa tena, mwisho huanza kuokota samaki wanaoelea.

Na utawajuaje? Kwa kulabu. Vimelea hawa hushikilia nyama ya matamvua kwa kulabu zilizo nyuma ya mwili. Gyrodactylus ana kulabu mbili kubwa na ndogo 16 pembeni, Dactylogyrus ana ndogo 14, tena wengi wao wana madoa manne ya macho ambayo Gyrodactylus hana. Ukitaka kujua ni spishi gani hasa, unapima urefu na mkunjo wa kila kulabu, na umbo la kiungo cha uzazi, kisha unalinganisha na michoro iliyochapishwa tangu enzi za Nordmann. Ikiwa hakuna anayefanana naye, huenda umepata mpya. Hapo unaandika maelezo yake, unampa jina, unachora, na unahifadhi yule uliyemwelezea katika makumbusho ili atakayekuja baadaye akiwa na shaka amwone kwa macho yake. Siku hizi huongezwa vipimo vya vinasaba. Jina la kwanza lililochapishwa kihalali ndilo linaloshika, hata kama mwenye kulitoa alikuwa kijana wa miaka 29 asiyewahi kuona bara letu.

Sehemu ya pili ya kitabu ilihusu wadudu wa maji, jamaa wa mbali wa kamba na kaa, waliogeuka kuwa vimelea. Humo Nordmann alitoa majina ya Ergasilus na Lamproglena. Ergasilus ana ajabu yake pia: dume huogelea zake majini, ni jike tu anayejikita kwenye matamvua na kukaa huko na vifuko vyake viwili vya mayai. Lamproglena wako Afrika. Mwaka 1944 Capart alimwelezea Lamproglena monodi, anayeng'ang'ania matamvua ya perege na jamaa zake, naye akaingizwa katika jenasi ya Nordmann bila mjadala.

Baada ya kitabu, mambo yakaenda mbio. Rudolphi alifariki mwaka huo huo wa 1832. Nordmann akapata kazi Odessa, bandari ya Bahari Nyeusi, kufundisha elimu ya viumbe katika chuo cha Richelieu, na baadaye akasimamia bustani ya mimea ya mji ule. Bustani ndiyo iliyompeleka milima ya Caucasus kutafuta mbegu na mimea, na huko ndiko alikopatikana ule mti wa Krismasi. Mwaka 1837 akafuatana na msafara wa tajiri wa Kirusi Demidov kusini mwa Urusi na Crimea, akaandika juzuu ya wanyama wa upande ule. Akachimba mifupa ya dubu wa mapangoni karibu na Odessa. Ndege mmoja wa nyika za kule, mwenye mabawa meusi kwa chini, akapewa jina lake, Glareola nordmanni; ndege huyo huikimbia baridi na kushuka mpaka kusini mwa Afrika, na wengine hupitia Kenya. Kwa hiyo jina la Nordmann lilikuwa likiruka juu ya Bonde la Ufa kabla kitabu chake hakijafika maktaba yoyote ya huku.

Naona alitawanyika. Mtu aliyefungua mlango wa matamvua akaacha wengine waingie, yeye akaenda kufukuzana na ndege, miti na mifupa. Lakini wanasayansi wa zama zile ndivyo walivyokuwa, na mshahara wa Odessa haukuwa wa kutazama minyoo.

Mwaka 1849 alirudi Ufini kuwa profesa katika chuo kikuu cha Helsinki, na huko akabaki mpaka mwisho. Uzeeni akaletewa kazi ambayo itamgusa mvuvi yeyote wa Lamu. Mwaka 1861 mkuu wa Alaska ya Kirusi, Hampus Furuhjelm, naye mzaliwa wa Ufini, alipeleka Helsinki mifupa ya nguva mkubwa wa bahari ya kaskazini. Nguva huyo aliwahi kufika mita 8, wakati nguva wetu hufika kama mita 3. Mwanachuoni Georg Steller alimwona akiwa hai mwaka 1741, baada ya jahazi lao kuvunjika kisiwani. Mabaharia na wawindaji wa ngozi wakamla, na kufikia 1768 alikuwa amekwisha. Miaka 27 tu tangu kuandikwa kwake. Nordmann akaitazama mifupa ile, akaipima na kuielezea kwa maandishi. Mifupa hiyo ingali katika makumbusho ya Helsinki.

Huwa nawaza kuhusu kazi hizo mbili za maisha yake. Ujanani alimwandika mnyama mdogo kuliko punje ya chumvi, aliyekuwa tele katika kila samaki wa sokoni na hakuna aliyemwona. Uzeeni akamwandika mnyama mkubwa kuliko mashua, ambaye kila mtu alimwona na hakuna aliyebaki wa kuonwa.

Alifariki Helsinki tarehe 25 Juni 1866. Unguja wakati huo alitawala Seyyid Majid.

Afrika ilisubiri sana kupata mtu wake wa matamvua. Aliyefanya kazi kubwa ni Ilan Paperna, aliyeunda jenasi ya Cichlidogyrus mwaka 1960, akamwelezea Gyrodactylus cichlidarum mwaka 1968 na mnyoo-wawili wa Kiafrika mwaka 1973, ambaye sasa yuko katika jenasi ya Afrodiplozoon, mjukuu wa yule X wa Nordmann. Mwaka 1979 makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yakachapisha kitabu chake kikubwa cha minyoo ya aina hii katika samaki wa maji baridi wa Afrika. Gyrodactylus cichlidarum ndiye mfano wa kututia wasiwasi: amefuatana na perege wa Nile waliosafirishwa kufugwa, mpaka akaonekana Mexico.

Kenya nayo ilifungua milango ya ufugaji kwa kishindo. Mpango wa serikali ulioanza mwaka 2009 ulichimba mabwawa 200 katika kila jimbo kwa majimbo 140, na vifaranga vikasafirishwa huku na huko katika mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa. Kajiado ni nchi kavu, na Wamaasai wa jadi hawakuwa walaji wa samaki, lakini Kitengela imekuwa mji mkubwa wa watu wa kila kabila, na soko la Nairobi liko mlangoni. Mfuko mmoja wa vifaranga unatosha kuleta vimelea visivyokuwepo. Katika mto wenyewe wa Athi mna perege wa asili, Oreochromis spilurus, ambaye ana wageni wake wa matamvua tangu zamani. Huyu akichanganyika na perege wa kufugwa, wageni hao huweza kupotea au kubadilishana makazi kabla mtu hajawahesabu. Kusini zaidi, katika kaunti hiyo hiyo, chemchemi za magadi moto za Ziwa Magadi zina samaki wake wa pekee, aliyepewa jina na Boulenger mwaka 1912, anayeishi katika maji ambayo samaki mwengine angekufa ndani ya dakika.

Makao makuu ya taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya nchi yetu, KMFRI, yako hapa hapa Mombasa, na vijana wetu wanaosomea uvuvi wana hadubini nzuri kuliko zote alizozishika Nordmann. Sabaki uko mwendo wa saa chache kwa matatu. Anayetaka kujua nani ameteremka na mto kutoka Kitengela ataanza kama mnunuzi wa sokoni anavyoanza, kwa kidole chini ya shavu.